Kupanda Tunasukuma, Kushuka Inatubeba: Historia ya Barabara Yetu kutoka Mombo hadi Milimani



Kila mwaka katika kijitabu hiki tunatenga kurasa chache kwa ajili ya historia ya kwetu, ili anayechangia ajue anachangia nini. Mwaka huu tumechagua barabara, na tumeichagua kwa sababu ya baiskeli. Wengi wenu mkija likizo mnatuuliza: hawa waendesha baiskeli wenye kofia ngumu tunaowakuta Soni wakihema, wanatafuta nini huku? Vijana wetu wana swali lao: na sisi tutapata nini? Majibu yote mawili yako kwenye historia ya njia hii, basi tuanze mwanzo.

Nyika na Shambaai

Wazee wetu waliigawa nchi mara mbili. Chini ni nyika, yenye joto, malaria na ukame. Juu ni Shambaai, penye mvua, migomba na baridi ya asubuhi. Mtu aliishi juu na kushuka kwa haja tu. Ndiyo maana makao ya ukoo wa Kilindi yalikuwa Vuga, mlimani. Mmisionari Krapf alipomtembelea Kimweri ye Nyumbai mwaka 1848, alilazimika kupanda. Burton na Speke walipokuja mwaka 1857, nao walipanda.

Kimweri alifariki mwaka 1862, na mambo yakageuka. Misafara ya pembe na bunduki ilikuwa ikipita bondeni, kandokando ya Mto Pangani, wala haikuwa na sababu ya kupanda mlima. Semboja, mwanawe Kimweri, alilielewa hilo mapema. Aliweka makao yake Mazinde, chini kabisa, mahali ambapo leo ukisimama Irente unapaona kama uwanja wa mpira. Mwenye njia akawa na nguvu kuliko mwenye mvua. Vita vilifuata, na Vuga yenyewe ikachomwa moto. Hilo ndilo somo la kwanza: kwetu njia haijawahi kuwa jambo dogo. Ilipopita, nguvu ilihamia huko.

Reli, mbao na mikono ya babu zetu

Wajerumani walianza kujenga reli kutoka Tanga mwaka 1893. Ilikwenda polepole, na ilifika Mombo mwaka 1905. Kutoka Mombo walitaka kufika Lushoto, ambayo wao waliiita Wilhelmstal, kwa sababu ya hewa yake ya baridi na mashamba yao. Hapo ndipo barabara ya gari ilipopasuliwa kwenye korongo la Soni.

Anayeijua njia hiyo hahitaji kuelezwa. Mombo iko takribani mita 400 juu ya usawa wa bahari, Lushoto takribani mita 1,400, na kati yake kuna kilometa 33 hivi. Sehemu kubwa ya mwinuko iko kabla ya Soni. Upande mmoja ni ukuta wa jabali, upande wa pili ni genge, na chini kabisa unausikia mto kabla hujauona. Barabara hiyo ilichongwa kwa sururu, nyundo na mikono ya watu, na wengi wao hawakuulizwa kama wanapenda.

Kilichoshuka kwa njia hizo tunakijua. Kahawa ilishuka. Watu walishuka kwenda kukata mkonge bondeni. Mitarakwa ya Shume ilishuka kwa namna ya ajabu zaidi: kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, kampuni ya Kijerumani ilitundika kamba za chuma kutoka msituni hadi Mkumbara, na magogo yakapita angani juu ya makorongo hadi kwenye reli. Kilichopanda kilikuwa kidogo: chumvi, nguo, mafuta ya taa, na karatasi ya kodi.

Baiskeli inafika

Baiskeli ilipanda milima hii ikiwa chini ya wamisionari, makarani na walimu. Baadaye wakulima waliouza kahawa, na vijana waliorudi na ujira wa mkonge, nao wakanunua. Katika familia nyingi za kwetu baiskeli ya kwanza inakumbukwa kama anavyokumbukwa ng'ombe wa kwanza: ilikuwa nyeusi, ina keria nzito nyuma, na haikuazimwa ovyo.

Milima yetu ilikuwa na sheria yake: kupanda tunasukuma, kushuka inatubeba. Mwenye baiskeli aliyetoka Mombo na gunia la chumvi alitembea kando yake karibu njia nzima, mkono mmoja kwenye usukani na mwingine kwenye mzigo. Akishuka na matenga ya kabichi alikuwa na tatizo lingine, nalo ni breki. Baadhi yetu tuliwaona baba zetu wakifunga tawi kubwa la mti nyuma ya baiskeli ili liburute barabarani na kupunguza kasi. Tulifundishwa pia kwamba kwenye kona za korongo huangalii mandhari. Shuka kwanza, simama, tazama, halafu endelea.

Kwa hiyo mgeni anayehema Soni leo kwenye baiskeli yenye gia ishirini na zaidi hafanyi jambo geni. Anafanya walichofanya baba zetu, ila yeye amelipa nauli ya ndege ili akifanye, na hana gunia.

Matuta

Sasa tufike mahali ambapo kijitabu cha kuchangisha fedha kingependa kupapita haraka. Hatutapapita.

Mwaka 1946 serikali ya Kiingereza ilianza mradi wa kuhifadhi udongo katika bonde la Mlalo, na mwaka 1950 ukapanuliwa katika Usambara. Watu walitakiwa kulima matuta kwenye miteremko kuzuia mmomonyoko. Asiyelima alishtakiwa. Kazi ilikuwa nzito, na sehemu kubwa iliwaangukia mama na bibi zetu, ambao tayari walikuwa na shamba, kuni, maji na watoto. Watu waliogopa pia kwamba ardhi ikishatengenezwa kwa amri, kesho itachukuliwa kwa amri. Walikataa. Waliandamana, walifungwa, walijiunga na TANU, na mwishoni mwa miaka ya 1950 mradi ukafa.

Tunajivunia kukataa kwao, na tuna haki. Lakini udongo haukujua siasa. Mvua ziliendelea kunyesha kwenye miteremko iliyolimwa kutoka juu hadi chini, na udongo ukaendelea kushuka. Ulishuka wapi? Ulishuka kwenye mitaro ya barabara, kwenye makaravati, na mtoni. Kila masika kubwa tunalia kwamba barabara ya Soni imefungwa na maporomoko, tunasubiri tingatinga, na viazi vinaoza kwenye malori. Tunailaumu mvua. Mvua ni ile ile aliyokuwa akiiita Kimweri. Kilichobadilika ni mlima ulio juu ya barabara.

Miaka ya 1980 ulikuja mradi mwingine, safari hii kwa ushirikiano wa Tanzania na Ujerumani. Uliwashawishi wakulima kupanda mistari ya majani ya Guatemala kukingama mteremko, pamoja na miti. Wengi walipokea. Si kwamba walikuwa wapole kuliko wazazi wao. Majani yale yalimlisha ng'ombe zizini, na faida ilionekana nyumbani kwanza. Hilo ndilo somo la pili, na tunaomba mlikumbuke mkifika mwisho wa makala haya: kwetu kazi ya amri inakufa, kazi yenye faida kwa mwenye shamba inaishi.

Njia zenyewe

Kwa wale mlioondoka zamani, na kwa wajukuu wenu wanaotaka kupanda baiskeli mwaka huu, njia ni hizi.

Ya kwanza ni ya bondeni, kutoka Korogwe hadi Mombo, katikati ya mkonge. Ni tambarare, lakini malori na mabasi ni mengi, hivyo ni ya alfajiri tu. Ukifika Mombo tazama mpunga: maji yanayoumwagilia ni yale yale yanayotoka kwenye korongo utakalolipanda.

Ya pili ni Mombo, Soni hadi Lushoto. Pumzika Soni kwenye maporomoko. Karibu na hapo ni Sakharani, jina lililobaki kutoka kwa Tom von Prince, afisa wa Kijerumani aliyeitwa hivyo na watu, aliyekuwa na shamba huku na kuuawa katika mapigano ya Tanga mwaka 1914. Leo ni mahali pa wamisionari Wabenediktini.

Ya tatu inatoka Soni kwenda Vuga na Bumbuli. Ni ya vumbi, chai na migomba, na kwa anayependa historia ndiyo bora kuliko zote.

Ya nne ni ya wenye mapafu: Lushoto, Magamba, Lukozi, kisha Mlalo au Mtae. Utapita msitu wa Magamba penye ubaridi wa kuvaa sweta mchana, halafu mashamba ya karoti, viazi na kabichi ya Lukozi yanayolisha masoko ya Dar es Salaam. Mtae utasimama ukingoni, na chini yako kutakuwa nyika ya Mkomazi na milima ya Upare upande wa pili. Hapo utaelewa kwa nini wazee walisema kuna nchi mbili.

Tunachoomba

Mwaka huu wapo wanachama waliotaka mchango wote uende kwenye vibao vya njia, baiskeli za kukodisha na mafunzo ya vijana wa kuongoza wageni. Wapo waliosema hiyo ni anasa, na fedha ziende kwenye mitaro. Tulijadiliana kwa saa nyingi, na si kwa sauti ya chini.

Tulichokubaliana ni hiki. Kibao kizuri kwenye barabara iliyofunikwa na tope hakimwongozi mtu. Kwa hiyo kazi ya kwanza ni mitaro na makaravati ya njia za vijijini zinazoingia kwenye barabara kuu, pamoja na miche ya majani na matunda kwa wenye mashamba yaliyo juu yake, wale watakaokubali kwa hiari yao. Kazi ya pili, kwa kitakachobaki, ni kuwafundisha vijana ufundi wa baiskeli na kuongoza wageni, ili kijana wa Soni asiishie kuwapungia mkono wanaopita.

Njia hii ilichongwa na babu zetu ili mali yetu ishuke. Kizazi chetu kina nafasi ya kuitumia ili kitu kipande. Aliye mbali atume alichojaliwa. Aliye karibu aje na jembe siku ya msaragambo. Na ukija na baiskeli, kagua breki kabla ya korongo.