Shati lisilonuka: namna dawa za kulevya zilivyobadilika nchini Congo, na alama zake kwa mtoto

Mzazi wa Goma, Bukavu au Uvira akishuku kwamba mtoto wake ameanza kutumia dawa za kulevya, kitu cha kwanza anachofanya ni kunusa shati. Akikosa harufu ya bangi au ya pombe, moyo unatulia, anaenda kulala. Mazoea hayo hayakuanza jana. Yana historia ndefu katika nchi hii, na ni historia hiyo hiyo inayoonyesha kwa nini leo shati linaweza kukosa harufu na mtoto akawa tayari ameharibika.

Neno bangi lenyewe ni la safari. Lilitoka India, likapita Pwani, likaingia bara kwa njia za misafara ya pembe na watumwa, ambayo katika karne ya 19 ilifika Maniema, hadi Nyangwe na Kasongo. Huko Kasai mmea huo ulipata heshima ya ajabu. Watu wa mtemi Kalamba Mukenge walijiita Bena Diemba, maana yake watu wa bangi, na wakaifanya alama ya umoja wao. Waliivuta pamoja, hadharani, kwa kibuyu kikubwa. Wajerumani Paul Pogge na Hermann Wissmann waliwakuta katika hali hiyo mwaka wa 1881. Wasafiri wa wakati ule waliandika pia kwamba mkosaji aliweza kuadhibiwa kwa kuvutishwa mpaka azimie. Kwa hiyo mambo hayakuwa matamu kama wanavyosimulia wanaoitetea bangi leo kwa jina la mababu. Lakini yalifanyika mbele ya macho ya watu.

Halafu wakoloni wakaja na marufuku. Mkataba wa Brussels wa mwaka wa 1890 ulibana biashara ya pombe kali katika sehemu kubwa ya Afrika, na mwanzoni mwa karne ya 20 bangi nayo ikakatazwa nchini. Bangi haikuisha. Ilihamia nyuma ya nyumba, katika migomba, na saa za usiku. Pombe ya kienyeji ya kuchemshwa ilifuata njia hiyo hiyo: lotoko upande wa magharibi, kanyanga huku Kivu. Na kwa kuwa kitu kilifichwa, harufu ndiyo ikawa shahidi wa mzazi. Vizazi kadhaa vilijifunza alama nne: harufu, macho mekundu, kicheko kisicho na sababu, na njaa ya ghafula. Kwa bangi, alama hizo ni za kweli hata leo.

Miaka ya 1990 ilileta kitu kingine. Uporaji wa Septemba 1991, kisha ule wa Januari 1993, ulifunga maduka na viwanda, mishahara ikapotea, na watoto wengi zaidi wakaonekana barabarani. Kinshasa waliitwa shege, Goma na Bukavu wakaitwa maibobo. Mtoto asiye na pesa ya bangi alipata gundi ya fundi viatu au mafuta ya gari kwenye kitambaa. Vinasahaulisha njaa na baridi kwa dakika chache, ndiyo sababu vilienea. Mtoto wa gundi ananuka kama kibanda cha fundi. Ana vidonda au upele kuzunguka pua na mdomo, nguo ina madoa yaliyokauka, na mara nyingi kichupa au kitambaa kimefichwa ndani ya mkono wa shati. Wazazi wengi walidhani hilo ni jambo la watoto wa barabarani tu. Halikuwa hivyo, lakini dhana hiyo bado ipo.

Vita vya 1996 vikazidisha. Kadogo waliotembea na AFDL mpaka Kinshasa, iliyoanguka tarehe 17 Mei 1997, walifuatwa na watoto wengine wengi katika makundi ya silaha ya mashariki. Watoto waliotoka katika makundi mbalimbali wameeleza jambo moja: walipewa bangi au pombe ili woga uwatoke kabla ya mapigano. Mtoto wa namna hiyo akirudi nyumbani anarudi na kiu ambayo hakuichagua. Familia inayomwita mwizi na mvutaji siku ya kwanza inamrudisha msituni kwa mdomo wake yenyewe.

Mpaka hapo, pua ya mzazi ilikuwa bado inafanya kazi. Vidonge ndivyo vilivyoishinda.

Tramadoli ni dawa halali ya maumivu. Ilitengenezwa Ujerumani mwaka wa 1962, ikaanza kuuzwa mwaka wa 1977, na hospitali zinaihitaji kwa mgonjwa aliyepasuliwa au aliyevunjika. Lakini katika miaka ya 2010 ilisambaa sana Afrika ya Magharibi na ya Kati, ikiuzwa kidonge kimoja kimoja bila karatasi ya daktari. Wabeba mizigo na vijana wa kazi ngumu waliipenda kwa sababu inaondoa uchovu. Haina harufu. Haina moshi. Mtoto anaimeza kwa maji mbele ya mama yake, na akiulizwa anasema ni ya kichwa. Alama zake ziko mahali ambapo wazee hawakuzoea kutazama: mboni za macho zinakuwa ndogo kama ncha ya sindano hata gizani, mtoto anajikuna, anakaa siku nyingi bila kwenda haja kubwa, ana nguvu isiyo ya kawaida kisha anasinzia akiwa ameketi na chakula mkononi. Wengine wanaanguka kifafa, na hapo familia inakimbilia kwa wapakaji dawa na kutafuta mchawi jirani. Mtoto ambaye hakuwa na kifafa akianguka ghafula, mfuko wake upekuliwe kabla ya jirani kusingiziwa.

Mwaka wa 2021 Kinshasa ikapata jina jipya: bombe. Magari yalianza kuibiwa kichujio cha moshi kinachofungwa chini, ambacho mafundi wanakiita katalizeri. Ndani yake mna kitu kama sega la nyuki lililopakwa madini ya thamani, na kazi yake ni kusafisha moshi wa injini. Vijana walikisaga kuwa unga wa kahawia na kuuchanganya na vidonge vya vitamini, dawa za usingizi na tumbaku. Mwezi wa Agosti mwaka huo Rais Félix Tshisekedi alitaka dawa hiyo ipigwe vita, na polisi wakaanza kukamata wauzaji. Anayeitumia anatambulikana kwa mwendo: anatembea polepole mno, anajikuna, anaweza kusimama amejikunja mahali pamoja muda mrefu kama aliyelala akiwa wima. Mzazi anayesubiri harufu ya bangi hapo atasubiri bure.

Sasa mambo yanakuwa magumu zaidi kwa familia zilizohama makwao. Nyumbani, mtoto alitazamwa na macho mengi: shangazi, mwalimu, jirani wa nyumba ya tatu, mama anayeuza ndizi njiani. Mmoja aliona kuchelewa kwake, mwingine rafiki mpya, mwingine faranga zisizojulikana zilikotoka. Wakikutana, habari inakamilika. Vita vya Masisi na Rutshuru vilisukuma familia hizo hadi kambi za pembeni mwa Goma. Baada ya mji kuangukia mikononi mwa M23 mwishoni mwa Januari 2025, kambi hizo nazo zikaondolewa mwezi wa Februari. Watu walitawanyika tena, na macho yale yakatawanyika nao. Mama mmoja, chini ya hema au katika chumba cha kuazima, anaachiwa kazi iliyokuwa ya watu kumi.

Na kuna jambo la pili, ambalo mara nyingi halisemwi. Mtoto aliyeona vita anafanana na mtoto anayetumia dawa. Wote wawili hawalali usiku na wanasinzia mchana. Wote wanakasirika kwa neno dogo, wanaacha masomo, wanakaa peke yao, wanakataa kula. Mtoto mwenye majonzi akishutumiwa bangi, anaumia mara mbili. Hakuna alama moja inayotosha. Kinachosaidia ni kulinganisha na kufuatilia siku kadhaa. Hali ya majonzi haina saa ya soko. Mtoto anayetumia dawa mara nyingi ana mzunguko: jioni anatoka amefadhaika, anatokwa jasho, mafua yasiyo mafua na maumivu ya viungo, anarudi ametulia au mchangamfu kupita kiasi, kesho inaanza upya. Pamoja na hayo, vitu vinapungua nyumbani, kwanza vidogo: sabuni, kikombe cha unga wa msaada, sahani, betri ya taa. Marafiki wa zamani wanatoweka na wapya hawaingii ndani kusalimia.

Kabla ya yote hayo, mzazi aulizie malaria na njaa katika kituo cha afya, kwa sababu vyote viwili vinalegeza mtoto na vyote viwili viko kila mahali.

Fimbo imejaribiwa kwa zaidi ya miaka 100, tangu enzi za wakoloni, na imefundisha watoto kuficha vizuri zaidi. Mazungumzo nayo yana saa yake: asubuhi, mtoto akiwa na akili timamu, wawili tu, bila wadogo zake kusikiliza. Swali la kwanza lisiwe nani alikupa, liwe linakusaidia nini. Majibu yanashangaza: ili nilale, ili nisimwone baba, ili nibebe magunia. Kumfungia ndani na kumkatia kila kitu siku moja nako kuna hatari, hasa kwa anayemeza dawa za usingizi kama diazepamu kwa wingi. Kuacha ghafula kunaweza kuleta degedege. Muuguzi ndiye anayepanga namna ya kupunguza.

Ila kuna saa ambayo haingoji asubuhi. Mtoto akiitwa haamki, anapumua polepole au kwa kukoroma kusiko kwa kawaida, midomo inabadilika rangi, alazwe ubavu, asinyweshwe maziwa wala mafuta ya mawese, asitapishwe kwa vidole. Motari aitwe. Na mmoja wa nyumbani apekue godoro na mifuko haraka, achukue kila karatasi ya vidonge iliyotobolewa, hata tupu, aende nayo hospitali. Jina la dawa limeandikwa mgongoni mwa karatasi hiyo.