Mkono Uliotulia Grenoble

Mgonjwa yuko macho. Kichwa kimebanwa kwenye fremu ya chuma, ngozi imetiwa ganzi, na fuvu limekwisha tobolewa. Ubongo wenyewe hausikii maumivu, kwa hiyo daktari akimwambia anyooshe mkono, anaunyoosha, nao unatetemeka kama ilivyo desturi yake. Ni mwaka 1987, mjini Grenoble, Ufaransa, na daktari ni Alim-Louis Benabid.

Kazi ya siku hiyo ilikuwa kuchoma. Levodopa, dawa iliyowanyanyua wagonjwa wengi wa Parkinson, ugonjwa wa kutetemeka na kukakamaa, tangu mwishoni mwa miaka ya 1960, baada ya muda iliwachezesha viungo bila hiari yao, na mitetemeko mingine haikusikia dawa kabisa. Wagonjwa wa namna hiyo ndio waliochomwa sehemu ndogo ya thalamasi, katikati ya ubongo. Kilichochomwa hakirudi, basi madaktari walitanguliza umeme hafifu kwenye ncha ya waya ili kujua kama wamefika penyewe. Umeme ulikuwa wa kuulizia njia tu.

Benabid akawa anaongeza kasi: pigo 1 kwa sekunde, 5, 10, 50. Alipofika karibu na 100, mkono ukatulia tuli. Akadhani amemdhuru mtu wa watu, akazima. Mtetemeko ukarudi. Akawasha, ukatulia tena.

Hakuwa wa kwanza kuona umeme ukituliza mkono, na hilo tusimpambie. Alilolifanya ni kujiuliza: kama swichi inatosha, moto wa nini? Swali lilikuwa na uzito kwa waliotetemeka mikono yote miwili, maana kuchoma pande zote za ubongo kulihatarisha usemi wao. Yeye na mwenzake Pierre Pollak wakawachoma upande mmoja. Upande wa pili wakaacha waya ndani, umeunganishwa na kijibetri kilichozikwa chini ya ngozi.

Lakini waya wa kwenye thalamasi ulituliza mtetemeko tu. Kukakamaa kwa viungo na uzito wa mwendo vilibaki. Jibu lilitoka kwa tumbili. Mwaka 1990, Hagai Bergman, Thomas Wichmann na Mahlon DeLong walieleza, nchini Marekani, jinsi tumbili waliotiwa Parkinson kwa sumu ya MPTP walivyorudi kutembea baada ya kuharibiwa kiini kidogo kilicho chini ya thalamasi. Madaktari wa upasuaji walikiogopa kiini hicho: kiharusi kikikipiga, mkono na mguu hurushwa ovyo. Grenoble walikuwa na faida moja. Mambo yakiharibika, wangezima. Mwaka 1993 wakakiwekea waya.

Waya huo una unene wa milimita 1.27, na betri hukaa kifuani, chini ya mtulinga. Haukomeshi ugonjwa wenyewe: seli za ubongo zinazouawa na Parkinson huendelea kufa kama zamani, na usemi hauponi kwa umeme huu. Betri ya kawaida ikiisha baada ya miaka michache, kifua hupasuliwa kidogo, ikabadilishwa, kichwa hakiguswi.