Beseni la Desemba

Desemba ikifika, barabara za Kisii hujaa. Wanaofanya kazi Nairobi, Nakuru na Mombasa wanarudi nyumbani, na sokoni Kiogoro, katika Nyaribari Chache, mtoto wa jirani aliyeondoka na kibegi anashuka kwenye gari lake mwenyewe. Ni mwezi wa majigambo, tusifichane: nani amejenga, nani ameleta nini. Ni mwezi pia wa wavulana waliotahiriwa kukaa faraghani, na wa vikao vya ukoo kuhusu mashamba ambayo kila kizazi kinayakata vipande vidogo zaidi.

Katika msimu huo huo, mwenye gari anaweza kujikuta amepiga magoti mbele ya jirani yake, beseni likiwa kati yao.

Waadventista wa Sabato, ambao ni wengi sana Gusii, kwa kawaida hushiriki Meza ya Bwana mara moja kila robo ya mwaka, na kabla ya mkate huoshana miguu. Huiita huduma ya unyenyekevu. Wakatoliki wanayo Alhamisi Kuu, ambapo padre huwaosha waumini wachache. Kwa Wasabato kila mshiriki huosha na kuoshwa. Ibada ya robo ya nne ikiangukia Desemba, huwakuta waliotoka mjini wakiwa bado na viatu vipya.

Kwa Krismasi yenyewe, kanisa hili halina kelele nyingi. Haliihesabu tarehe 25 kuwa siku takatifu. Ellen White, mmoja wa waasisi wake, aliandika katika miaka ya 1880 kwamba siku hasa aliyozaliwa Yesu haijulikani, ila msimu huo utumike kumtolea Mungu badala ya kujipendeza.

Mafundisho hayo yalifika Gusii kupitia Ziwa Viktoria. Mwaka 1906 Arthur Carscallen, Mkanada, na Peter Nyambo wa Nyasaland, ndiyo Malawi ya leo, walianza kazi Gendia, kando ya ziwa hilo. Mwaka 1912 misheni ya Nyanchwa ikafunguliwa kando ya mji wa Kisii, mwaka mmoja tu baada ya wamisionari Wakatoliki wa shirika la Mill Hill kuanzisha misheni ya Nyabururu. Wamisionari hao hawakupokewa kwa vigelegele. Waingereza walikuwa wameitiisha nchi kwa bunduki mwaka 1905 na tena 1908, na Septemba 1914, Wajerumani walipopigana na Waingereza Kisii, wenyeji walipora ofisi za serikali na misheni zote mbili. Waliohubiri kupiga magoti walikuwa wamekuja nyuma ya bunduki, na watu waliliona hilo.

Mfano wa unyenyekevu uliowagusa wengi ulikuja baadaye, tena kwa Wakatoliki. Jimbo la Kisii lilipoundwa mwaka 1960, askofu wake wa kwanza alikuwa Maurice Otunga, mwana wa chifu Sudi Namachanja wa Wabukusu, aliyekuwa ameukataa uchifu ili awe padre. Akawa kardinali mwaka 1973. Alipostaafu, alikwenda kuishi Nairobi katika nyumba ya wazee maskini, na alifariki mwaka 2003.

Lakini turudi kwenye beseni, maana hapo ndipo penye utamu. Wagusii wana chinsoni, sheria za staha kati ya mzazi na kizazi kinachomfuata. Baba haingii nyumba ya mwanawe aliyeoa. Baba mkwe na mke wa mwana hutazamana kwa mbali. Sasa waambie watu wa aina hiyo wavue soksi! Kanisa hutenga wanaume upande mmoja na wanawake upande mwingine, na hivyo mtego mkubwa zaidi unaepukwa. Mwongozo wa Kanisa unaruhusu mume na mke, au wazazi na watoto wao waliobatizwa, waoshane pale desturi za mahali zinapokubali. Kisii, kifungu hicho hakisomwi harakaharaka.

Anayebaki ni jirani, au ndugu wa rika moja, na mara nyingine ndiye huyo huyo mnayevutana naye juu ya mpaka. Mafundisho yanataka mpatane kwanza. Baada ya hapo maji humwagwa nje, mikono huoshwa, na watu hurudi ndani kula mkate usiotiwa chachu na kunywa maji ya zabibu. Suala la mpaka husubiri Jumapili, wazee wa ukoo watakapokaa chini ya mti na kamba ya kupimia.