Mulla Nasim na Shamba la Kasumba

Hapa pwani tukizungumzia unga, maneno huishia kwa mateja walioko maskani na kwa matajiri wanaojulikana lakini hawatajwi. Ni wachache wanaouliza umetoka shamba la nani. Heroini nyingi inayovushwa bahari hii kwa majahazi kutoka pwani ya Makran, huko Pakistan na Iran, asili yake ni Afghanistan. Mwaka 2014 manowari ya Australia ilinasa kilo 1,032 katika jahazi moja tu, si mbali na Mombasa. Na aliyeilima kasumba yake, mara nyingi, ni Muislamu anayeswali swala tano na anayejua fika kuwa ni haramu. Sasa imekuwaje?

Tumwangalie mtu mmoja. Mulla Nasim Akhundzada alikuwa mtu wa dini na kamanda wa mujahidina katika jimbo la Helmand. Warusi waliingia Afghanistan Disemba 1979. Vita viliharibu mashamba na mifereji, na silaha za Marekani zilipitia Pakistan, ambako vyama vikubwa vilijipakulia kwanza. Mwaka 1981 Mulla Nasim akatoa fatwa ya kuruhusu mpopi ulimwe. Baadaye ikawa si ruhusa tena bali amri: mkulima aliwekewa sehemu ya shamba ambayo lazima iwe mpopi, na asiyetii alikiona. Hoja ilikuwa jihadi. Tuliosoma fiqhi kidogo tunaijua kanuni ya dharura, na tunajua pia kwamba dharura hupimwa kwa kiasi chake. Cha Helmand nani alikipima?

Warusi wakaondoka mwaka 1989. Mulla Nasim, ambaye sasa alikuwa naibu waziri wa ulinzi katika serikali ya mpito ya mujahidina, akaonana na balozi wa Marekani nchini Pakistan. Akaahidi kusimamisha mpopi, yeye apewe dola milioni 2 za misaada. Na kweli akapiga marufuku, bei ya kasumba ikapaa. Mwaka 1990 akauawa Peshawar, na wengi wakakinyooshea kidole chama cha Hekmatyar. Msaada haukufika. Ndugu yake akashika uongozi na mpopi ukarudi shambani. Wengine husema ile haikuwa toba, ilikuwa biashara. Mimi naona ilikuwa yote mawili, na sijui ni wangapi kati yetu tungeweza kuyatenganisha.

Lakini kilichonishtua zaidi ni jina la mkopo wenyewe. Wakulima wa huko huuita salaam, yaani ule ule mlango wa salam tuliousoma madrasani: mnunuzi hulipa leo, mali huletwa wakati wa mavuno. Mtume (SAW) aliwakuta watu wa Madina wakiuza tende namna hiyo, akawataka kipimo na muda vijulikane. Helmand tende zilikuwa zimegeuka kasumba. Mkulima alikuwa akipewa pesa msimu wa baridi, mara nyingi karibu nusu tu ya bei ya sokoni, anunue unga (huu wa chapati) na mbegu. Taliban nao walipotawala wakakusanya ushuri, sehemu ya kumi, hata katika zao hili. Neno letu ushuru limetoka humo humo.

Julai 2000 Mulla Omar akaupiga marufuku mpopi. Kwa hesabu za Umoja wa Mataifa, kasumba ilishuka kutoka tani 3,276 mwaka 2000 hadi tani 185 mwaka 2001. Amri ilitiiwa, lakini madeni yalibaki. Aliyekuwa anadaiwa kilo kadhaa aliona thamani ya deni ikiongezeka karibu mara kumi kwa vile bei ilipanda. Wengine waliuza mifugo na ardhi, na kuna waliotoa mabinti zao kwa wadai.

Utawala huo ukaangushwa mwishoni mwa 2001, na kufikia 2007 mavuno yakawa zaidi ya tani 8,000. Taliban wakarudi madarakani Agosti 2021. Aprili 2022, mwanzoni mwa Ramadhani, wakatoa marufuku nyingine, na mwaka 2023 mashamba ya mpopi yakapungua kwa asilimia 95. Bei ikapanda kama ile mara ya kwanza. Waliokuwa na mzigo ghalani wakauza kidogo kidogo. Mwenye kijishamba cha kukodi hakuwa na ghala.