Kwa nini ukubwa wa betri hauonekani kwa chaji pekee

Betri ya akiba ya simu iliyoandikwa 10,000 mAh, yaani ampea-saa 10, na betri ya gari ya ampea-saa 50 hutofautiana mara 5 tu kwa chaji. Hata hivyo, kazi ambayo ya gari inaweza kufanya ni takriban mara 16 ya ile ya simu.

Siri ni volti. Kazi inayofanyika chaji inapohama kutoka sehemu moja hadi nyingine hupatikana kwa kuzidisha chaji hiyo na tofauti ya volti baina ya sehemu hizo. Chaji hupimwa kwa kulombi na kazi kwa juli. Volti moja ni juli moja kwa kila kulombi. Ni sawa na maji ya tangi: lita ni chaji, kimo cha tangi ni volti. Lita zile zile zikiteremka kutoka juu zaidi, hufanya kazi kubwa zaidi.

Ampea-saa moja ni kulombi 3,600. Basi betri ya simu, ambayo ndani yake huwa na volti 3.7, ina kulombi 36,000 na hutoa juli 133,200. Ile ya gari ina kulombi 180,000. Kwa volti 12, hizo ni juli 2,160,000.

Hapa ndipo wanunuzi wengi hudhani wamepunjwa. Waya wa kawaida wa USB hupeleka umeme kwa volti 5, si 3.7. Kwa kuwa kazi haiwezi kuongezeka, chaji haina budi kupungua: juli 133,200 zikigawanywa kwa 5 ni kulombi 26,640, sawa na mAh 7,400. Joto nalo hula sehemu yake. Bidhaa ghushi zipo, lakini upungufu huu hauthibitishi kwamba betri ni ghushi.

Uniti moja ya stima ni juli 3,600,000, kazi ambayo kulombi 15,000 tu huifanya kwa volti 240 za nyumbani. Betri ya gari iliyojaa hubeba uniti 0.6. Kuijaza hugharimu zaidi ya hapo, maana chaja huisukuma chaji kwa takriban volti 14.