Jana Mlemavu, Leo Mzee

Hujafa hujaumbika, walinena wahenga, na neno lao halikuwekewa mpaka wa umri, kwani limtahadharishalo ghulamu ndilo limtahadharishalo shaibu. Sheria za Uingereza, ambazo kwa zaidi ya miaka mia moja zimejaribu kumkimu mtu aliyepungukiwa na viungo au siha, ziliuweka mpaka huo. Na kila zilipotengenezwa upya, walioumia aghalabu walikuwa wale waliokuwa wamesimama karibu nao.

Kabla ya mwaka 1909 mzee fukara asiyejiweza alitazamia huruma ya jamaa zake, au alikwenda kuishi katika nyumba ya kazi ya masikini, ambamo mume na mke mara nyingi walitengwa, na ambayo wengi waliiogopa kuliko njaa. Sheria ya mwaka 1908 ilimpa aliyetimiza miaka 70, mwenye pato dogo, pensheni isiyozidi shilingi 5 kwa juma, akaanza kuipokea posta Januari 1909. Kisha ikafuata bima ya taifa ya mwaka 1911, kazi ya waziri wa fedha David Lloyd George, iliyomwangalia mfanyakazi aliye mgonjwa: mwanamume alilipwa shilingi 10 kwa juma kwa majuma 26, na maradhi yakiendelea, shilingi 5 za ulemavu, hata afikapo miaka 70. Basi mchimba makaa aliyevunjika mgongo, asiye na pato jingine, alipofika umri huo shilingi zake tano hazikuongezeka wala hazikupungua. Zilibadili jina tu, kwa kuwa jana alikuwa mlemavu na leo ni mzee. Jina halikuwa na uzito siku zile, maana thamani ilikuwa moja. Uzito ulikuja thamani zilipoachana.

Ziliachana zaidi baada ya mwaka 1965, pale wanawake wawili wenye maradhi ya mishipa ya fahamu, Megan du Boisson na Berit Moore, walipounda chama cha kudai kipato kwa kila mlemavu, awe amepata kuajiriwa au la. Mwaka 1971 ikatoka posho ya uangalizi, na mwaka 1976 posho ya mwendo, ambayo haikufunguliwa kwa aliyelemaa uzeeni. Posho mpya ya mwaka 1992 iliunganisha mafungu hayo mawili kwa wale waliodai kabla ya kutimiza miaka 65. Aliyepooza baada ya hapo alibaki na uangalizi peke yake, kana kwamba mzee hana haja ya kutoka nje ya mlango wake.

Mageuzi ya Aprili 2013 yakaja kuipindua hata hifadhi ya waliokwisha kuipata posho hiyo kabla ya umri huo. Malipo mapya yalidai watu wachunguzwe upya, wakiwamo wengi waliopewa posho ya zamani bila kikomo. Na kipimo cha mwendo, kilichozoeleka kuwa mita 50, kikapunguzwa hadi mita 20 kwa kiwango cha juu. Aliyeshindwa alipoteza kiwango hicho, na pamoja nacho gari alilolikodi kwa fedha hizo; na aliyepoteza fungu zima la mwendo, ikiwa umri wa kudai ulikuwa umempita, mara nyingi mlango uliobaki ni ule wa posho ya uangalizi, isiyo na fungu hilo.

Waliokuwa wametimiza miaka 65 siku ya tarehe 8 Aprili 2013 waliachwa na posho yao ya zamani. Chukua basi majirani wawili wa mtaa mmoja, wote wakitembelea mkongojo, mmoja aliyezaliwa tarehe 8 Aprili 1948 na mwenziwe siku iliyofuata: wa kwanza aliachwa kwa amani, wa pili akaandikiwa barua ya kuitwa kuchunguzwa, akahesabiwe upya hatua alizokwisha kuhesabiwa. Miguu yao haikutofautiana, zilitofautiana kalenda.