Sehemu ya 4: Piriton ilitoka wapi, na mtoto asiye na kingamwili

Kuanzia Geita hadi Kahama swali ni lile lile: mafua ya mtoto hayaishi, nimpe Piriton au setirizini? Wengi mnasema ni vumbi, na kweli vumbi la machimbo tunalo. Ila ngoja kwanza.

Mwaka 1937, Taasisi ya Pasteur kule Paris, Daniel Bovet na Anne-Marie Staub walipata dawa ya kwanza ya kuzuia histamini, ile kemikali ya mwili inayoleta chafya na kuwashwa. Ilikuwa na sumu mno kwa binadamu, ila ilifungua njia. Marekani, 1949 na 1950, dawa za jamii hiyo ziliuzwa kama njugu, eti zinatibu mafua. Mwaka 1950 huo huo Waingereza wakazijaribu: kwa mafua ya kawaida, hakuna msaada wa maana. Jamani, miaka 70 na ushee, bado tunazigombania dukani!

Mwaka 1952 daktari wa jeshi la Marekani, Ogden Bruton, akaeleza habari za mvulana wa miaka 8 aliyeugua tena na tena, nimonia, bakteria kwenye damu. Kupima damu, kingamwili hazionekani. Aleji ni kinga inayopigana na kisicho adui, kama vumbi. Huyu askari hakuwa nao kabisa. Bruton akamchoma sindano za kingamwili zilizotoka kwenye damu ya watu wengine, maambukizi mazito yakakoma.

Mtoto kama huyo Piriton itampunguzia kuwashwa na kumsinzisha, basi. Kingamwili haziongezeki, bakteria hafi. (Na prometazini chini ya miaka 2 usimpe kabisa, inaweza kumzuia kupumua.) Hospitali wanaweza kumpa dawa ya aleji kabla ya dripu ya kingamwili, hiyo ni kazi nyingine.

Miezi 6 ya mwanzo analindwa na kingamwili ulizompa tumboni, kwa hiyo dalili huja baadaye: nimonia mara 2 ndani ya mwaka, masikio ya usaha yasiyokoma, antibayotiki zisizomaliza kazi. Nenda na kadi ya kliniki, taja kila nimonia na mwezi wake. Wataanza na VVU na lishe, usikasirike mama, kwetu hizo ndizo sababu za kawaida zaidi. Zikiwa sawa, uliza kipimo cha kingamwili. Kama ulipo hakipo, uliza rufaa ya Bugando.